Nimemwaga zege la pakingi nyumbani: hela imeliwa wapi na kontrakta nampa nyota ngapi

Nyota 3 na nusu kati ya 5. Naanza na hiyo kwa wale wenye haraka zao. Zege limetoka vizuri, gari linalala juu yake, mvua ikinyesha maji yanaenda kwenye mfereji na sio mlangoni. Nyota moja na nusu nimezikata kwa ajili ya ufa mmoja mwembamba kama unywele na ugomvi wa ndoo ya maji, vyote nitasimulia. Jina la kontrakta siweki, tumeachana salama na bado kuna hela yake kidogo ninayo mimi.

Bei kwa tarakimu pia siandiki. Simenti ya leo sio bei ya mwezi ujao, na kwako sio kama kwangu, utaibeba namba yangu ukaenda kugombana na fundi wako bure. Nitaongea kwa mifuko na sentimita maana sentimita ni sentimita popote.

Kazi ilikuwa ndogo tu, mita 6 kwa mita 4, yaani mita za mraba 24 mbele ya nyumba, udongo mtupu uliokuwa unageuka tope kila mvua ikipiga. Pembeni kidogo ya katikati kuna mfuniko wa chemba ya maji taka, wa mraba. Huo mfuniko uukumbuke, utarudi.

Nikaita watu watatu. Wa kwanza akapima kwa hatua za miguu, futi hakuitoa hata mfukoni, akanitajia bei palepale amesimama. Mstari mmoja: kumwaga zege, mita za mraba 24, basi. Wa pili alikuja na futi na pimamaji, akachimba kashimo kwa chepe kuona udongo ukoje, akauliza ni gari gani litapaki na kama kuna siku lori litaingia. Kotesheni yake ikaja kesho yake, karatasi moja na nusu, jumla kama mara moja na nusu ya yule wa kwanza. Wa tatu ni wale wa zege la kiwandani linalokuja limeshachanganywa kwenye lori, huyo alipita mara mbili ya wa kwanza na chenji juu.

Ukiziweka hizo tatu mezani bila kuuliza kitu, wa kwanza ndio mtu wa watu. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Sema nina kovu la zamani: miaka 3 nyuma nilimwagiwa njia ya miguu kutoka getini mpaka mlangoni kwa bei ya huruma hivi hivi, mvua mbili tu udongo wa chini ukaondoka, ukigonga pale juu kwa kisigino linalia ndu ndu kama ngoma, halafu siku moja likakatika vipande vitatu. Kulivunja na kubeba vile vipande kulinila karibu nusu ya hela niliyolijengea, maana zege mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400, hakuna kijana atakayelibeba hilo kwa soda.

Kwa hiyo safari hii nikampigia wa kwanza nikamuuliza, fundi, hiyo bei yako zege unene gani?

"La kawaida bosi."

Kawaida ngapi?

"Inchi tatu hivi, nne."

Tatu au nne?

"Itategemea na tulivyosawazisha bosi."

Sasa kaa na hesabu hapa kidogo. Mchanganyiko wa 1:2:4, simenti moja mchanga mbili kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo ya kilo 50. Inchi 3 kwenye mita zangu 24 ni mita za ujazo 1.8, yaani mifuko 11 na kitu. Sentimita 10 (ndio inchi 4 hiyo) ni ujazo wa 2.4, mifuko 15. Sentimita 15 ni ujazo wa 3.6, mifuko 23, na hapo hujaweka ya kumwagika na kupotea. Kwa hiyo mifuko 11 na mifuko 23 zote zinaitwa kumwaga zege mita 24, na macho yako hayawezi kujua kazi ikishaisha maana juu zinafanana kabisa. Njia ya miguu sentimita 10 inatosha sana, hata gari dogo linakaa hapo kama chini kumeshiba, ila mimi udongo wangu ni mfinyanzi na mara mojamoja lori linaingia, wa pili akasema 15 na nikamwelewa kwa nini.

Nikaendelea kumuongezea wa kwanza kitu kimoja kimoja kwenye simu. Kuchimba? "Hiyo utaweka vibarua wako." Nikamwambia weka wewe. Udongo utaenda wapi? Hapo palikuwa kimya. Watu wengi hatuiulizi hii, mimi mwenyewe nisingeuliza kama sio karatasi ya wa pili: unachimba sentimita 30 chini, 15 za kifusi cha kokoto na 15 za zege, kwa mita 24 hiyo ni ujazo wa 7.2, halafu udongo ukishatoka ardhini unafura, zangu zikawa kama 9. Mita 9 za tope bosi, zinakaa wapi? Ukiwa hujalipia lori utakuwa na kilima kwenye ua mpaka watoto waanze kukipanda. Basi nikamwambia weka na lori, weka kifusi na kushindilia kwa mashine, weka nailoni ya chini, weka wavu wa nondo ule wanaouita BRC, weka mbao za pembeni, weka kukata jointi, ile mistari ya kuongoza nyufa. Alipomaliza kujumlisha alikuwa chini ya wa pili kwa kama asilimia 7, na mashine ya kushindilia alikuwa hana, angeikodi.

Yaani ule urahisi wote ulikuwa ni vitu ambavyo hakuviweka. Hakunidanganya, nilimuuliza bei ya zege akanipa bei ya zege.

Wa zege la kiwandani nilimuacha sio kwa ubaya. Yale malori mengi yanabeba ujazo wa 6 kwenda juu, mimi nataka 3.6, kwa hiyo unalipia na nafasi ambayo haijajaa, halafu pampu juu maana lori haliwezi kufika mpaka pale ndani, na likishafika linatakiwa limwagwe upesi, kanuni ya zamani ni ndani ya dakika 90 tangu maji yaguse simenti, sasa wewe vijana wako wawe bado wanatafuta toroli. Ingekuwa kazi ya ujazo wa 10 au 15, au jirani naye angekuwa anamwaga siku hiyo hiyo tukagawana lori, hesabu ingegeuka na hata ubora ungekuwa wa uhakika zaidi. Kwa kakiwanja kangu hapana.

Nikamchukua wa pili, na ndiye ninayemhukumu hapa.

Malipo kwanza. Aliomba asilimia 70 mbele "tukanunue vifaa". Nikamwambia fundi, vifaa nitanunua na wewe dukani, risiti nashika mimi. Tukabishana kidogo kisha tukakubaliana: 30 kuanza, 40 nikishaona shimo limeshindiliwa na wavu umekaa kabla tone la zege halijamwagwa, 20 zege likishamwagwa, na 10 nabaki nayo mpaka siku ya 28, zege likihesabiwa limekomaa. Hiyo 40 ya kabla ya zege ndio ilinisaidia kuliko yote, maana ile asubuhi niliyokwenda kukagua upande mmoja wa kifusi ulikuwa unabonyea ukikanyaga kwa nguvu, nikagoma kulipa, wakarudia kushindilia mpaka jioni. Zege lingekuwa limeshapita juu yake ningeona nini?

Maandalizi nampa 5 kati ya 5, yale marudio nimeyasamehe. Alipanga mbao zikakaa kwenye mstari, akaweka mteremko wa 1 kwa 50, kwa mita 4 inatoka sentimita 8 za kushuka, alinionyesha kwa mpira wa maji ule wa kienyeji na ukasoma sawa. Wavu akauinua juu ya biskuti, vile vitofali vidogo vya zege. Wengi wanautandika tu chini kwenye nailoni wanasema "tutauvuta juu wakati wa kumwaga" na hawauvuti, na wavu uliolala chini kabisa ya zege ni hela umetupa tu.

Siku ya kumwaga sasa.

Alisema saa moja asubuhi. Mikisa, ile mashine ya kukorogea zege, ilifika saa nne na nusu inavutwa na pikapu, haina mafuta. Mafuta ya nani? Kwenye karatasi imeandikwa "mashine" tu. Nikatoa hela ya mafuta nikaandika pembeni nitaikata. Kijana mmoja wa kusukuma toroli alikuja na kandambili, nikampa gambuti zangu, zege bichi linaunguza ngozi jamani, simenti ni kali kama magadi na zaidi, jioni unaona miguu imechubuka hujui imetokea wapi. Kampuni inayolipisha hela ile ingekuwa na gambuti.

Wakaanza. Mchanga na kokoto wanapima kwa karai, safi, fundi anahesabu kwa sauti. Maji yanapimwa na nani? Na kijana wa maji, kwa macho yake. Nikasimama pale na chai yangu nikawa naangalia, kila mkorogo mfuko mmoja wa simenti, mkorogo wa kwanza ndoo mbili za lita 20, wa pili ndoo mbili, wa tatu mbili na jagi. Zege linatoka kwenye mikisa linatiririka lenyewe mpaka kwenye mbao bila kusukumwa, kokoto zimebaki nyuma, maji ya kijivu yametangulia mbele. Mkorogo wa tano nikashindwa kuvumilia.

"Fundi mbona linatembea lenyewe hilo?"

"Bosi likiwa zito vijana watachoka, hawalisambazi."

Mfuko mmoja wa kilo 50 lita 25 za maji zinatosha, ndio nusu ya uzito wa simenti, na ule mchanga ulikuwa umelowa na mvua ya usiku kwa hiyo hata 25 hazifiki. Wao wanatia 40. Maji yakizidi yanakuja kukauka baadaye yanaacha matundu madogo madogo, ndani zege linakuwa kama sifongo. Hili sio jambo jipya, kuna bwana anaitwa Duff Abrams alilipima kule Chicago akaliandika mwaka 1918, kwamba nguvu ya zege inaamuliwa na maji kwa simenti. Nilimtajia fundi akaniangalia kama nimetaja mchezaji wa mpira. Nikaona isiwe tabu, nikachukua tepu nyekundu nikaizungusha kwenye ndoo mahali pa lita 20, nikatafuta na kopo la lita 3, nikamwambia kijana ndoo moja mpaka kwenye tepu na kopo moja, ukizidisha nazima mashine mwenyewe. Vijana wakanuna. Fundi naye akatoa poka, kile kidude cha kutetemesha zege, kumbe alikuwa nacho kwenye pikapu muda wote! Na kwa poka lile zito likakaa vizuri tu bila maji ya ziada. Sasa ndugu yangu ulikuwa unakificha cha nini wakati nimekilipia kwenye karatasi?

Ile mikorogo mitano ya mwanzo iko upande wa ukutani. Mpaka leo nikipiga fagio pale linatoka vumbi jeupe kama la chaki, ukisogea hatua tatu mbele fagio linapita kavu, hakuna kitu. Mpaka wake unauona kabisa.

Kwenye kumalizia juu amenifurahisha. Walimaliza kumwaga saa kumi jioni na vijana walitaka kupiga mwiko hapo hapo waondoke, yeye akawakatalia, akakaa kwenye ndoo akasubiri yale maji yanayopanda juu yakauke yenyewe. Giza likaingia, akawasha taa ya pikapu, akasawazisha kisha akaburuta fagio gumu kutoa mistari ili tairi lisiteleze. Wengine wangenyunyiza simenti kavu juu kunyonya maji wakapige niru ing'ae, miezi mitatu linabanduka kama magamba. Usiku paka akapita kati, nyayo sita zimebaki, hizo sijamkata hela.

Baada ya hapo ndio alipotea. Kwenye kotesheni kuna mstari unasema kutunza zege siku 7, na una hela yake. Siku ya pili asubuhi hakuna mtu. Nikapiga simu, "bosi wewe mwagilia tu asubuhi na jioni". Nikamsomea mstari. "Aa, hiyo huwa tunaiweka." Huwa mnaiweka! Nikatafuta magunia, nikayalowesha, nikafunika na nailoni juu, wiki nzima mimi na mpira wa maji. Zege halikauki kama nguo, linahitaji maji ili liendelee kukomaa, ukilitunza wiki ya kwanza linafika kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28, ukiliacha jua lilinyonye tangu siku ya kwanza haliifikii nguvu yake yote. Kazi yenyewe nyepesi, mtoto anaweza, ila nimelipa. Hela ya mstari ule nimeikata yote.

Na jointi. Zege likikauka linasinyaa, lazima lipasuke mahali, kwa hiyo unalikatia mstari mapema ili lipasukie pale unapotaka wewe. Kwa unene wangu mstari mmoja katikati unatosha, vipande viwili vya mita 3 kwa 4, kina cha robo ya unene, kama sentimita 4. Inatakiwa ikatwe mapema sana, siku ile ile au kesho yake alfajiri zege likishaweza kubeba mtu. Jamaa wa mashine ya kukata alikuja siku ya tatu mchana. Ufa ulikuwa umeshamtangulia, umeanzia kwenye kona ya ule mfuniko wa chemba umeenda kimshazari kama sentimita 70. Kona za mraba ndani ya zege ndio zinavuta nyufa, dawa yake ni vipande vya nondo vya mshazari kwenye kila kona ya mfuniko, au unaipitisha jointi palepale kwenye mfuniko. Nondo nne fupi, mabaki ya dukani tu, na hakuna kati ya wale watatu aliyeniambia, hata huyu niliyemsifia. Na mimi sikujua niulize.

Hela imegawanyika hivi kwa kazi yangu, nimetoa kwenye daftari: vifaa asilimia 54, leba 22, kuchimba na kutoa udongo 13, mashine 7, yaliyozuka 4. Hayo ya kuzuka ni mafuta ya mikisa na kokoto za ziada sehemu iliyokuwa inabonyea. Kazi ikiwa ndogo zaidi ya hii usishangae leba ikapanda, maana mikisa na watu sita wanakuja kwa mita 5 kama wanavyokuja kwa mita 24, wengine wana bei ya chini kabisa ambayo hawashuki hata umwage ngazi moja ya mlangoni. Ndio maana ile njia ya miguu iliyokatika sikuirudia peke yake mwaka jana, niliisubirisha, nikaichomeka kwenye kazi hii mashine ikiwa bado ipo, nimelipia vifaa na vibarua tu.

Ningemuita tena? Ndio, ila ndoo yenye tepu ningeiweka mlangoni kabla hajashuka kwenye pikapu, na mstari wa kumwagilia ningeufuta mwenyewe kwa kalamu. Yule wa kwanza naye nisingemfukuza moja kwa moja, kwa kibaraza kidogo au sehemu ya kufulia ambako udongo hautoki na gari halipandi anafaa kabisa, mradi uandike unene kwenye karatasi na uwepo na futi mbao zikiwekwa.

Gari niliingiza siku ya 14, mtihani wa kwanza wa lori bado. Siku ya 28 imepita Jumanne, amepiga simu kuulizia asilimia 10 yake, nimemtumia picha ya ufa. Amesema anakuja Jumamosi saa mbili na dawa ya kuziba. Nimemwambia nitamtarajia saa tano.